Mtoto akitaka ‘ua la baharini’ sebuleni, anzeni na furu

Katuni imeisha, lakini mtoto bado ameng’ang’ania simu ya mama yake. Amemwona samaki mdogo wa rangi ya chungwa, mwenye mistari myeupe, akijificha ndani ya kitu kinachofanana na ua linalocheza majini. Kinachofuata ni swali: “Mama, na sisi tumfuge yule samaki na nyumba yake hapa sebuleni?”

Kwa mzazi wa Ngara au Biharamulo, ambako safari ya kwenda baharini ni zaidi ya kilomita 1,000, jibu la haraka ni “haiwezekani.” Jibu hilo linakaribia ukweli, ila linamwacha mtoto bila kujua sababu. Tena kuna samaki wengine wa kustaajabisha walio karibu zaidi na nyumbani, na hao anayeanza anaweza kuwamudu.

Ua ambalo ni mnyama

Nyumba ya samaki yule inaitwa anemoni. Ni mnyama mwenye mwili laini, wa jamii moja na matumbawe. Vile vinavyoonekana kama petali ni mikono yenye visindano vidogo vya sumu, ambavyo humtumia kukamatia chakula. Samaki wa kwenye katuni hadhuriki kwa sababu ngozi yake ina ute unaomkinga. Yeye hupata maficho, na anemoni hupata ulinzi pamoja na lishe inayotokana na uchafu wa samaki.

Duniani kuna aina zaidi ya 1,000 za anemoni, lakini 10 tu ndizo zinazoishi na samaki wa jamii hiyo. Ndugu zake wapo pia kwenye miamba ya pwani ya Tanzania, ikiwemo ya Mafia, ambako hifadhi ya bahari ilianzishwa mwaka 1995.

Kwa nini anamshinda anayeanza

Kwanza ni chumvi. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, hivyo tangi la lita 200 linahitaji karibu kilo saba. Chumvi ya jikoni haifai, kwa sababu maji ya bahari yana madini mengine mengi. Maji yanapopungua kwa mvuke, chumvi hubaki na ukali wake hupanda. Mfugaji hulazimika kuongeza maji yasiyo na chumvi mara kwa mara ili kiwango kisiyumbe.

Pili ni mwanga. Ndani ya mwili wa anemoni hao kuna mwani wadogo sana wanaotengeneza chakula kwa kutumia mwanga, kama majani ya mgomba yanavyofanya. Taa ikiwa hafifu, mwani hao hupotea, na mnyama hupauka na kusinyaa.

Tatu ni umeme. Pampu ikizimika usiku kucha, hewa ndani ya maji hupungua na joto hushuka, hasa kwenye baridi ya milima ya Ngara. Wilaya hiyo ina mradi wa umeme wa Rusumo wa megawati 80, unaohudumia Tanzania, Rwanda na Burundi. Hata hivyo, hakuna kaya inayoweza kujihakikishia kwamba umeme hautakatika hata usiku mmoja.

Jambo la nne huwashangaza wengi: anemoni hutembea. Asiporidhika na mahali alipo, husogea taratibu na anaweza kunaswa kwenye pampu. Akifa huoza haraka, maji huharibika na samaki wengine hufa pamoja naye. Ndiyo maana wafugaji wazoefu huliacha tangi litulie miezi sita au zaidi kabla ya kumweka. Tena yule samaki wa kwenye katuni huweza kuishi ndani ya tangi bila anemoni.

Bibi wa Edinburgh

Mwaka 1828, mtafiti John Dalyell alimchukua anemoni mmoja ufukweni Scotland na kumweka kwenye chombo cha kioo chenye maji ya bahari. Alikuwa wa aina nyingine, inayozoea maji ya baridi. Dalyell alifariki mwaka 1851, lakini anemoni wake aliendelea kuishi. Watu walirithishana kazi ya kumtunza, wakampa jina la Granny, yaani Bibi. Alikufa mwaka 1887, baada ya miaka 59 ndani ya chombo.

Kisa hicho ni kizuri kumsimulia mtoto kabla ya kulala. Anayemchukua mnyama wa namna hiyo huenda anajifunga kwa ahadi ndefu kuliko umri wake mwenyewe.

Furu, jirani wa karibu

Mashariki mwa Biharamulo, jirani na Chato, kuna Ziwa Victoria. Humo ndimo wanamoishi furu, samaki wadogo ambao madume yao huwa na rangi kali za bluu, njano na nyekundu. Wanasayansi wanakadiria kwamba ziwa lilikuwa na aina 500 au zaidi. Sangara alipandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 aina nyingi za furu zilikuwa zimetoweka. Baadhi ya zilizokuwa hatarini zilihifadhiwa kwenye matangi ya Ulaya na Marekani.

Katika malezi, furu ana la kumfundisha mtoto. Mama huatamia mayai mdomoni kwa wiki mbili hadi tatu, na muda huo hali chakula au hula kidogo sana. Vifaranga wakitoka na kuona hatari, hurudi mdomoni mwake. Familia yenye tangi inaweza kuyaona hayo yakitokea sebuleni.

Tangi la lita 100 au zaidi linatosha kuanzia, ila lina uzito wa zaidi ya kilo 100, hivyo linahitaji meza imara. Maji ya bomba yaliyotiwa klorini huachwa kwenye ndoo wazi kwa siku nzima. Chujio huwashwa na chakula kidogo hutiwa, kisha familia husubiri wiki nne hadi sita. Katika muda huo, bakteria wanaogeuza sumu ya uchafu wa samaki huzaliana. Samaki wengi wa wafugaji wapya hufa kwa sababu hatua hii imerukwa.

Baada ya hapo huwekwa samaki wachache: dume mmoja na majike kadhaa, kwa kuwa madume hupigana. Hulishwa kile wanachomaliza kwa dakika mbili, na robo ya maji hubadilishwa kila wiki. Mtoto anaweza kulisha na kuandika kwenye daftari, lakini nyaya na soketi ni kazi ya mtu mzima. Vifaranga wa sato hawafai, kwani hukua wakalizidi tangi.

Kabla ya kuchukua samaki yeyote, mzazi amuulize afisa uvuvi wa wilaya. Ziwa Burigi lipo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyotangazwa mwaka 2019, na si mahali pa kwenda na ndoo. Familia ikichoka kufuga, isimwage samaki katika mto Ruvubu wala Kagera. Kisa cha sangara kinaonyesha gharama ya kumpeleka samaki mahali pasipo pake.

Samaki akifa

Ipo siku samaki mmoja atakutwa ameelea. Mzazi anaweza kushawishika kumtoa kimyakimya na kuweka mwingine kabla mtoto hajarudi shuleni. Ni afadhali kumwambia ukweli, kumzika pamoja chini ya mgomba, kisha kulifungua daftari na kutazama maji yalibadilishwa lini. Mtoto aliyezoea kuulizana hivyo na wazazi wake hatakuwa mwepesi wa kuona mnyama mzuri kwenye simu na kudai anunuliwe kesho yake.