Damu na Masikio ya Wazee

Hapa Chanika nimesikia vijana wakisema kwamba mzee fulani ana kiburi, haitikii aitwapo. Yafaa tujue kwamba huenda kosa si la tabia yake.

Ndani kabisa ya sikio mna kiungo kidogo kilichojiviringa kama gamba la konokono. Humo mna chembe hai zipatazo 15,000 zenye vinyweleo, ambazo hupokea mtikisiko wa sauti na kuupelekea ubongo habari. Zikifa hazioti tena. Nazo hulishwa na mshipa mmoja tu wa damu, mwembamba sana. Mishipa ikikakamaa kwa uzee, tumbaku au shinikizo la damu, chembe hizo hukosa oksijeni. Sauti nyembamba hupotea kwanza; ndiyo maana mzee husikia ngoma lakini hapambanui maneno.

Mwaka 1962 Daktari Samuel Rosen alieleza habari za Wamabaan, ambao nchi yao sasa ni Sudani Kusini. Wazee wao walisikia vizuri kuliko wazee wa Marekani. Shinikizo lao la damu lilikuwa dogo, na vijiji vyao vilikuwa kimya. Kisha mwaka 1986 madaktari wa Glasgow, Uskoti, waliona kwamba damu nzito huandamana na usikivu hafifu. Hata hivyo damu siyo sababu pekee. Kelele nazo huua chembe zile zile.

Basi wenzangu, tusimpigie babu makelele. Tumkabili usoni, tuseme polepole, tena tumpeleke hospitali apimwe damu na masikio, maana pengine ni nta tu. Nasi tujiepushe na tumbaku tungali vijana.