Mashine ya CPAP kando ya kitanda: Ilinde isianguke, isiingie maji

Saa nane usiku umeme unakatika Nyakato, jijini Mwanza. Mzee mmoja anayelala na mashine ya CPAP anashtuka kwa sababu hewa haiji. Haja ndogo nayo imembana. Anainuka gizani akiwa bado na barakoa usoni. Mpira unaoleta hewa umepita chini ya chandarua na kujizungusha kwenye mguu wa stuli. Hatua ya pili tu anasikia kishindo. Mashine iko sakafuni, kitangi chake kimefunguka na maji yametapakaa hadi kwenye waya wa umeme.

Mfano huu si wa mtu fulani, lakini anayelala na mashine hii au anayemuuguza mtu wa namna hiyo ataelewa mara moja. Mashine hizi ni ghali na si kila duka la dawa linaziuza. Ikiharibika leo, mgonjwa anaweza kukaa wiki kadhaa bila nyingine. Ndiyo maana wiki hii tunazungumzia jambo linaloonekana dogo: mahali inapokaa mashine, na maji yaliyo karibu nayo.

Kwa nini usiku mmoja una maana

Mashine ya CPAP hutumiwa zaidi na watu ambao njia yao ya hewa hujifunga wakiwa usingizini. Misuli ya koo hulegea, hewa haipiti, oksijeni hushuka mwilini, kisha ubongo humshtua mtu ili avute pumzi. Hali hiyo inaweza kurudi mara nyingi kwa saa moja bila mwenyewe kujua. Wa kwanza kugundua huwa ni mwenzake wa kitandani, anayesikia mkoromo mkubwa, kimya cha ghafla, kisha pumzi ya kukurupuka.

Asubuhi mgonjwa huamka kichwa kikimuuma, na mchana husinzia ovyo. Usiku huamka mara kwa mara kwenda kujisaidia. Asipotibiwa, hatari ya shinikizo la damu, maradhi ya moyo na kiharusi huongezeka. Dereva wa lori au basi kati ya Mwanza na Shinyanga mwenye tatizo hili anaweza kusinzia akiwa kwenye usukani.

Daktari Colin Sullivan wa Sydney, Australia, na wenzake walieleza tiba hii mwaka 1981. Mashine husukuma hewa ya kawaida kupitia mpira na barakoa, na msukumo huo huiweka njia ya hewa wazi usiku kucha. Haitibu mara moja na kuisha. Inafanya kazi usiku ule tu inapotumika, na ikilala sakafuni imevunjika, tatizo linarudi usiku huohuo.

Mahali pa kuiweka

Weka mashine chini kidogo kuliko kichwa cha anayelala. Kimo cha goti kinatosha kwa vitanda vingi. Ikiwa juu ya kichwa, maji ya kitangi au matone yanayojikusanya kwenye mpira yanaweza kuteremka hadi kwenye barakoa. Isitoshe, ikianguka kutoka juu huumia zaidi.

Lakini usiiweke sakafuni. Huko itapigwa teke, itavuta vumbi, na siku ya kupiga deki italoweshwa. Msimu wa mvua, nyumba zilizo chini ya vilima vyetu vya mawe huingiwa na maji mlangoni kabla wenyewe hawajaamka.

Stuli ya plastiki yenye miguu myembamba haifai, kwani hupinduka kirahisi. Tafuta kimeza kizito chenye miguu mipana. Kama una seremala mtaani kwako, mwambie akutengenezee kimeza kidogo chenye ukingo wa sentimita 3 hadi 5 kuzunguka juu, ili mashine isiteleze ikivutwa. Tandika kipande cha mpira usioteleza chini yake. Acha nafasi upande inakoingilia hewa, pazia au shuka visiuzibe. Usiifungie kwenye boksi wala kabati ikiwa inafanya kazi, maana itapata joto na kukosa hewa.

Angalia pia paa. Kama bati linavuja, hata tone moja moja, kitanda na kimeza visogezwe kabla ya mvua, si baada ya mashine kulowa.

Mpira, waya na chandarua

Mashine nyingi huanguka kwa sababu zimevutwa. Mpira wa CPAP una urefu wa karibu mita 2. Mtu akijigeuza, au akiinuka bila kuvua barakoa, anaivuta mashine nzima.

Chukua kitambaa laini, ufunge kitanzi kilicholegea kwenye ubao wa kichwani mwa kitanda, kisha upitishe mpira humo. Ukivutwa, kitanzi ndicho kitakachopokea nguvu kabla haijafika kwenye mashine. Uache mpira uwe na ulegevu wa kutosha kujigeuza pande zote mbili. Usiukaze wala usiukunje.

Chandarua hakiachwi, hasa kwetu Kanda ya Ziwa ambako malaria bado ni nyingi. Pitisha mpira chini ya ukingo wake sehemu moja tu, upande ule ilipo mashine, kisha chomeka chandarua vizuri chini ya godoro pande nyingine zote. Mashine yenyewe ibaki nje.

Waya wa umeme upite ukutani, usikatize njia ya kwenda chooni. Ekstensheni isikae sakafuni chini ya mashine, kwa sababu maji yakimwagika hapo ndipo yatakapoelekea. Weka tochi mahali ambapo mkono unaifikia bila kuinuka. Umeme ukikatika, vua barakoa kwanza, washa tochi, ndipo uweke miguu chini. Kabla ya kurudi kulala, chomoa mashine usubiri umeme utulie, maana wakati mwingine hurudi kwa nguvu na kuunguza vifaa. Kama usiku huo hakuna umeme kabisa, lala ubavu, inua kichwa kwa mito, na usinywe pombe.

Maji ya kitangi na maji ya glasi

Mashine nyingi zina kitangi kidogo cha maji kinacholainisha hewa ili pua na koo visikauke. Hatari inaanza wakati wa kukijaza. Usimimine maji kitangi kikiwa kimeshikana na mashine. Kitoe, kijaze mbali na mashine, kisiuzidi mstari wa juu, kifunge, kifute kwa nje, ndipo ukirudishe.

Usiinue wala kuinamisha mashine ikiwa na maji. Hata kuisogeza kidogo ili ufagie kunatosha kuyapeleka kwenye mota. Kila asubuhi mwaga maji yote, osha kitangi kwa maji safi na sabuni laini, kisuuze na ukiache kikauke kivulini. Hivyo mchana mzima, watoto wanapocheza chumbani, mashine haina maji ya kumwagika.

Maji yanayopendekezwa ni yale yaliyogeuzwa mvuke kisha yakapozwa yakawa maji tena, kwa kuwa hayana chumvichumvi. Maji ya bomba au kisima huacha ukoko mweupe kama ule wa birika. Usitumie maji ya betri ya gari. Mengine yamechanganywa na tindikali, na wewe utavuta mvuke wake.

Glasi ya maji ya kunywa, kikombe cha chai na chupa ya maji ya dawa visikae meza moja na mashine. Viweke upande wa pili wa kitanda, katika chupa yenye kifuniko.

Ukisafiri, tuseme kwenda Nansio kwa meli, mwaga maji na utoe kitangi kabla ya kufunga mashine. Ibebe mapajani katika mfuko wake, usiiache chini ya magunia.

Kwa wazazi

Mtoto anayeiona taa ndogo ikiwaka usiku ataigusa. Mwoneshe mashine mchana, mweleze kwamba ni ya kumsaidia babu kupumua, kisha mwekee mpaka: haigusi, na hachezi mpira karibu nayo. Maneno hayo humlinda zaidi kuliko kumfokea baada ya kishindo.

Wazazi wengine hukutana na CPAP wodini. Watoto waliozaliwa kabla ya wakati mara nyingi hupata shida ya kupumua kwa sababu mapafu hayajakomaa. Katika wodi za watoto wachanga za hospitali za rufaa, kuna aina ya CPAP ambayo mwisho wa mpira wake umezamishwa kwenye chupa ya maji, nayo hutoa mapovu. Hapo maji ndiyo yanayopima msukumo. Mpira ukizama sentimita 5, mtoto anapata msukumo wa sentimita 5 za maji. Chupa ikiinama au maji yakipungua, msukumo unabadilika.

Kwa hiyo mama, usiisogeze chupa ile ili upate nafasi ya kuweka kapu. Usiongeze wala kupunguza maji. Usitundike kanga kwenye mpira. Ukiona mapovu yamekoma, maji yamemwagika au kifaa cha puani kimechomoka, mwite muuguzi papo hapo. Hata ukiwa humjui jina, ita. Humsumbui.

Ikianguka au ikilowa

Usiiwashe ili kujaribu. Zima swichi ya ukutani, kisha chomoa. Kama soketi au ekstensheni imelowa, usiiguse. Zima swichi kuu ya nyumba kwanza.

Toa kitangi, mpira na barakoa. Futa maji kwa kitambaa kikavu, kisha iache mashine mahali penye hewa kwa angalau saa 24. Usiianike juani, usiipulizie mashine ya kukaushia nywele, wala usiizike kwenye mchele. Kama maji yameingia kwenye mashine yenyewe, isiwashwe mpaka ikaguliwe.

Iliyoanguka ikiwa kavu nayo ikaguliwe. Tazama nyufa, sikiliza kama kuna kitu kinachochezacheza ndani, nusa harufu ya kuungua. Sauti ikibadilika au hewa ikiwa hafifu, acha kuitumia. Usiifungue mwenyewe, wala usimpelekee fundi wa redio. Anza na aliyekuuzia, au uulize hospitali unakohudhuria kliniki kuhusu mafundi wa vifaa tiba. Hata ikiwaka, msukumo wake unatakiwa kupimwa, kwa maana mashine inaweza kutoa hewa isiyolingana na aliyoagiza daktari.

Mjulishe daktari wako pia. Kama mkoromo na usingizi wa mchana vimerudi, usiendeshe gari wala bodaboda.

Anayenunua iliyotumika aulize kama imewahi kuanguka au kuingia maji. Achukue namba za mashine na kuhakikisha haimo kwenye orodha ya zilizorudishwa kiwandani. Juni 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kurudisha mamilioni ya mashine kwa sababu sponji ya ndani ya kupunguza sauti ingeweza kumeguka na kuvutwa na mgonjwa. Kisha msukumo upangwe upya na daktari, kwani ule uliomo ulikuwa wa mtu mwingine.

Leo kabla ya kulala, simama kando ya kitanda na uangalie mambo manne: kimeza hakitikisiki, mpira una kitanzi, glasi ya maji iko upande wa pili, na tochi iko karibu. Ukimaliza, vaa barakoa yako ulale.