Ndugu yako Ulaya amenyamaza tangu Novemba? Huenda si dharau, ni giza

Wiki chache zilizopita, katika kipindi chetu cha asubuhi, tulisoma ujumbe wa mama mmoja wa hapa Mbegani. Kijana wake yupo Norwei, mwaka wa tatu sasa. Miezi ya joto ya huko anapiga simu kila Jumapili, anacheka, anauliza habari za wadogo zake mpaka za mbuzi. Ikifika Novemba, kimya. Simu haipokelewi, na ujumbe unajibiwa kwa maneno mawili: "Nimechoka, mama." Mama akatuuliza: "Mwanangu amenichoka, au wamemroga?"

Simu zilizofuata zilikuwa nyingi. Wapo waliosema kijana amelewa Ulaya. Yupo aliyesema ameoa kwa siri. Msikilizaji mmoja tu, aliyewahi kuishi Uingereza, alisema: "Muulizeni kama anaona jua." Muda wetu hewani uliisha hapo hapo. Makala haya ni jibu ambalo hatukupata nafasi ya kulimaliza.

Kwa nini sisi hatulijui tatizo hili

Bagamoyo iko kama digrii sita na nusu kusini mwa ikweta. Mchana wetu mrefu kabisa, mwezi Desemba, una muda wa kama saa 12 na dakika 30. Ule mfupi kabisa, mwezi Juni, ni kama saa 11 na dakika 45. Tofauti haifiki hata saa nzima. Ndiyo maana tunaweza kuhesabu saa zetu kuanzia kunapokucha: saa moja asubuhi ni mwanzo wa mchana, leo na miezi sita ijayo, wala hakuna anayepotea.

Sasa ipeleke hesabu hiyo London. Mwishoni mwa Desemba jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni. Mchana wote haufiki saa nane. Oslo, mji mkuu wa Norwei, mchana ni kama saa sita tu. Na mjini Tromsø, kaskazini kabisa ya nchi hiyo, jua halichomozi hata kidogo kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari. Kunakuwa na mwanga hafifu kama wa alfajiri kwa saa chache, kisha giza linarudi. Mtu anayefanya kazi ndani, awe ghalani au hospitalini, anatoka nyumbani gizani na kurudi gizani. Wiki nzima inaweza kupita jua halijamgusa.

Norwei yenyewe si nchi ngeni hapa kijijini. Chuo chetu cha uvuvi, ambacho leo ni kampasi ya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi (FETA), kilikuzwa kwa msaada wa nchi hiyo kuanzia miaka ya 1970. Kwa hiyo ukimwona mgeni kutoka kule anaanika mgongo saa saba mchana, wakati sisi tunagombea kivuli cha mwembe, usimcheke. Ametoka kwenye mgao wa jua.

Sonona ya majira ni nini

Sonona ni ule ugonjwa unaomwondolea mtu furaha, nguvu na hamu ya mambo, siku nyingi mfululizo, bila yeye kutaka. Sonona ya majira ni aina yake inayokuja na kuondoka kwa kalenda. Mara nyingi huanza siku zinapofupika na kupungua zinaporefuka tena, na hurudi mwaka unaofuata.

Aliyeipa jina la kitaalamu ni mtu wa Afrika. Norman Rosenthal, daktari wa akili aliyezaliwa Afrika Kusini, alihamia Marekani katika miaka ya 1970. Alishangaa kuona kwamba kila majira ya baridi nguvu zake zilishuka na kazi zikamlemea, kisha akawa mzima tena majira ya machipuko. Mwaka 1984 yeye na wenzake katika Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani walichapisha maelezo ya wagonjwa 29 wa namna hiyo, pamoja na majaribio ya kuwatibu kwa mwanga. Tangu hapo ugonjwa huu umekuwa ukitambuliwa na madaktari. Hauwachagui Waafrika, hata wenyeji wa huko unawapata. Ila mgeni aliyekulia penye jua la mwaka mzima anaweza kuumwa nao bila kujua kwamba ni ugonjwa.

Dalili zake zinafahamika:

- Kulala kupita kiasi, na bado kuamka umechoka.
- Hamu kubwa ya wanga na vitu vitamu, na uzito kuongezeka.
- Kukosa raha hata kwa mambo uliyokuwa ukiyapenda.
- Kujitenga, kutopokea simu, kuona hata kusalimia ni kazi.
- Kushindwa kutuliza akili kazini au masomoni.
- Kujiona huna thamani, au kuona afadhali usingekuwepo.

Soma tena dalili ya nne. Kutopokea simu ni sehemu ya ugonjwa wenyewe. Huku nyumbani tunaisoma kama dharau, tunaandika maneno makali, na yeye anazidi kujificha kwa aibu.

Giza linafanyaje kazi mwilini

Ndani ya ubongo kuna saa inayopangwa na mwanga unaoingia machoni. Kukiwa na giza, tezi ndogo iliyo ndani ya ubongo hutoa homoni iitwayo melatonini, inayouambia mwili kwamba ni usiku, ulale. Asubuhi mwanga mkali huizima. Mahali ambapo asubuhi ni giza, saa hiyo inachelewa: mtu yuko kazini lakini mwili wake bado uko kitandani. Wanasayansi wanahusisha pia serotonini, kemikali ya ubongo inayosaidia hali ya moyo, ambayo kwa baadhi ya watu hubadilika mwanga unapopungua.

Kwa hiyo maneno kama "jikaze" hayasaidii, kama ambavyo hayamsaidii mtu mwenye malaria.

Kinachosaidia

Cha kwanza ni mwanga wa asubuhi. Mwanga hupimwa kwa luksi. Taa za kawaida za ndani hutoa luksi mia chache tu, lakini nje, hata kukiwa na mawingu, huwa ni maelfu. Kutembea nje nusu saa, asubuhi kunapokucha au wakati wa mapumziko ya mchana, ni tiba isiyouzwa. Pale ambapo jua halipatikani kabisa, zipo taa maalumu za luksi 10,000 ambazo mtu hukaa mbele yake kwa dakika 20 hadi 30 kila asubuhi, bila kuikodolea macho. Mwenye ugonjwa wa macho, au mwenye historia ya hali ya moyo kupanda na kushuka kupita kiasi, amwone daktari kabla ya kuitumia.

Cha pili ni ratiba: kulala na kuamka saa zile zile, hata siku ya mapumziko, na kuutumikisha mwili. Cha tatu ni mazungumzo na mtaalamu, anayemfundisha mgonjwa kuzikagua fikra zake na kurudi taratibu kwenye shughuli. Cha nne ni dawa za sonona zinazotolewa na daktari. Vidonge hivi havianzi kazi siku moja, huchukua wiki kadhaa, na haviachwi ghafla.

Wengi hutuuliza kuhusu vitamini D. Ni kweli ngozi nyeusi huitengeneza polepole zaidi chini ya jua dhaifu, na Uingereza inawashauri wakazi wake wafikirie kumeza maikrogramu 10 kwa siku miezi ya baridi, na wenye ngozi nyeusi mwaka mzima. Hiyo ni kwa ajili ya mifupa na misuli. Usiichukue kama tiba ya sonona.

Vipi kuhusu dua? Waumini wengi, Waislamu kwa Wakristo, wanapata nguvu humo, na hatuna sababu ya kuwanyang'anya. Dua na dawa hazina ugomvi. Shida huanza pale mtu anapoambiwa aache dawa, au familia inapomaliza fedha ikimtafuta mchawi wakati mgonjwa yuko gizani peke yake.

Wewe uliyeko nyumbani ufanye nini

Una kazi kubwa kuliko unavyodhani, na haikugharimu zaidi ya vocha.

Piga wakati kwao kuna mwanga. Majira ya baridi Norwei iko nyuma yetu kwa saa mbili, Uingereza kwa saa tatu. Ukimpigia saa nne usiku ya huku, kwao giza limeshaingia zamani na yeye ameshaishiwa nguvu. Saa tisa alasiri ya huku, siku ya mapumziko, ni bora zaidi.

Usianze na shida. Ada, bati na mgonjwa wa hospitali ni mambo ya kweli, lakini zikiwa ndizo salamu kila mara, simu kutoka nyumbani inageuka kuwa mzigo wa kuogopwa. Anza kwa kumwuliza analala vipi, anakula nini, leo ametoka nje. Asipopokea, mwachie sauti fupi isiyodai jibu: "Tupo, tunakukumbuka, ukiweza utapiga."

Akisema amechoka kuishi, usibadilishe mazungumzo. Mwulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumwuliza hakumpandikizii wazo hilo, kunampa ruhusa ya kusema. Kisha mtafute aliye karibu naye kimwili, rafiki, jirani au mtu wa msikiti au kanisa lake, asiachwe peke yake. Uingereza na Norwei zote zina nambari ya kuzungumza na msikilizaji, 116 123. Kwa hatari ya papo hapo apige nambari ya dharura ya nchi aliyopo.

Tukumbuke pia kwamba si kila ukimya ni sonona. Wapo waliopoteza kazi, wapo wenye matatizo ya vibali, na wapo wanaoona aibu kusema kwamba Ulaya haikuwa kama walivyoahidi. Njia ya kujua ni ile ile: kuuliza bila kuhukumu.

Na sisi huku tuna majira yetu

Tusidhani ugonjwa huu ni wa Wazungu na jamaa zetu tu. Giza la kwao hatuna, lakini tuna masika na tuna kusi. Machi hadi Mei mvua hairuhusu dagaa kukauka, mwani wa akina mama wa Mlingotini unaoza kwenye chanja, na mashamba ya chumvi yanasimama. Kisha kusi kinavuma, bahari inachafuka, na mwenye mtumbwi mdogo anakaa ufukweni siku baada ya siku akiangalia mawimbi. Deni la dukani linakua. Hapo hatusemi mtu anaumwa. Tunasema "ana mawazo", na maisha yanaendelea.

Chanzo hapa ni mfuko na kukosa kazi kuliko mwanga, na hiyo haiitwi sonona ya majira kitabibu. Lakini maumivu yanafanana, na kipimo ni kimoja: huzuni au kukosa raha karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, hadi shughuli zinaharibika. Kwa wanaume wengi haionekani kama machozi. Inaonekana kama hasira ndani ya nyumba, pombe, au kukaa kimya.

Washona wa Zimbabwe wana neno lao, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, ndugu kabisa na "mawazo" yetu. Daktari Dixon Chibanda alianzisha huko mpango wa bibi waliofunzwa kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki, wakiwasaidia kutatua tatizo moja moja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba walioketi na bibi hao walipona vizuri kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umefika hadi Zanzibar. Hata huku, wazee husema jina la mji wetu linatokana na kubwaga moyo. Basi tusiwacheke wanaoubwaga.

Ukiona dalili hizi kwako au kwa mwenzako, anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, au hospitali ya wilaya ya Bagamoyo. Sema kama ilivyo, usijifiche nyuma ya "kichwa kinauma". Ukitaka maelekezo kwanza, piga 199, nambari ya bure ya Wizara ya Afya.

Yule mama alitupigia tena juzi. Alimpata kijana wake Jumapili alasiri, akamwuliza lini aliona jua mara ya mwisho. Anasema kijana alikaa kimya muda mrefu, kisha akaanza kulia. Hawakuzungumza fedha siku hiyo. Ameahidi kumwona daktari wake, na mama ameomba tumkumbushe hewani asisahau kupiga Jumapili hii. Mama, tunakukumbusha: saa tisa alasiri.