Mtoto wa universite anataka kuuza simu za intaneti: tumpe mtaji?



Juma hili tunajibu ulizo ambalo limerudi mara nyingi katika vikundi vyetu. Mtoto yuko universite, minervale haijaisha kulipwa, naye anakuja na neno hili: «Mama, nipatie mtaji kidogo. Nitanunua dakika za simu kwenye intaneti kwa bei ya chini, na nitaziuzia watu wanaotaka kuongea na watu wa ng'ambo.» Je, hiyo ni biashara ya kweli, ao pesa ya kikundi itapotea?

Jibu letu ni hili: ni biashara ya kweli, lakini faida yake ni ndogo, na iko na mlango mmoja unaoweza kufikisha mtoto mbele ya korti, na mama yake pia. Tufahamu vizuri mbele ya kufungua sanduku.

Nani bado ananunua dakika?

Kazi hii si mpya. Wengi wetu tunakumbuka kabine: meza, parasoli, simu moja, na bei ya dakika imeandikwa kwenye kipande cha karto. Nyuma yake zikaja nyumba za intaneti. Skype ilianza mwaka 2003, na watu wakajifunza kuongea na ndugu wa mbali kupitia ordinateri. Mwaka 2015 WhatsApp nayo ikaeneza simu za sauti, na mwenye simu kubwa akaanza kuita bila kulipa dakika, analipa mega tu. Skype yenyewe ilifungwa mwezi wa tano 2025.

Kwa hiyo mtoto asifikiri kama kila mtu atakuja kwenye meza yake. Anayekuja ni yule ambaye WhatsApp haimsaidii. Ni mama mzee mwenye simu ndogo ya vibonyezo. Ni mfanyabiashara anayetaka kuita ofisi ya Dubai ao ya Johannesburg kwenye namba ya kawaida. Ni mtu anayetafuta hospitali, benki ao shule ya ng'ambo. Pale ndipo dakika ya intaneti inakuwa na kazi: sauti inapita kwenye intaneti mpaka inchi ile, kisha inaingia katika simu ya kawaida. Mwanafunzi analipa kampuni mbele, anapunguziwa kila dakika, na yeye anauza kwa bei ya juu kidogo.

Tufanye hesabu pamoja

Tuchukue mfano. Bei za kweli mtoto azitafute mwenyewe, kwa sababu kila inchi iko na bei yake: kuita Marekani na Kanada kunakuwa rahisi, kuita inchi nyingi za Afrika kunakuwa ghali zaidi.

Tuseme amenunua dakika kwa dola 20, kila dakika senti 5. Amepata dakika 400. Anaziuza senti 10, zinaleta dola 40. Mtoto anasema: «Nimepata 20!» Mama, umwambie angoje. Mega, dola 2. Umeme na kuchaji batri, dola 3. Nafasi ya meza na taxe, dola 3. Malipo ya kutuma pesa kwa simu, dola 1. Kisha kuna dakika zinazopotea. Kampuni nyingi zinahesabu dakika iliyoanza kama dakika nzima: mtu akiongea dakika 3 na sekunde 10, mtoto analipishwa 4. Kama yeye anamlipisha mtu 3, anakula hasara. Tuweke dola 2. Faida ya kweli inabaki dola 9.

Na kwa kumaliza dakika 400 katika siku 26 za kazi, anapaswa kuuza dakika 15 ao 16 kila siku. Inawezekana, lakini haiji yenyewe. Dola 9 hazilipi minervale. Zinaweza kulipa transpor na fotokopi. Ndiyo sababu wanaofaulu wanaweka dakika pamoja na mambo mengine kwenye meza moja: yunite, mega, kuchaji simu za watu.

Saa nazo ziko na maana. Saa kumi na mbili ya jioni hapa Lubumbashi, New York ni saa tano ya asubuhi ao saa sita ya muchana, kufuatana na majira yao. Ofisi za kule zimefunguka, na masomo ya hapa yameisha. Lakini kwa binti, giza ni hatari. Meza yake iwe karibu na nyumba, na afunge mapema. Anayetaka kuita ofisi za Dubai aje asubuhi, kwa sababu wao wanatutangulia saa mbili.

Mlango wa hatari

Hapa tunaomba kila mama asome polepole. Kuna watu wanaofuata wanafunzi na kuwaambia: «Uweke kisanduku hiki kwako, ukiache na umeme na intaneti, tutakulipa kila mwezi.» Ndani ya kisanduku kuna kadi SIM nyingi. Simu zinazotoka ng'ambo zinaingia kwa intaneti, kisha zinatoka kama simu za hapa hapa Kongo, na malipo ya simu za inchi za inje hayafike kwa kampuni wala kwa Serikali. Huo ni wizi, hata kama mtoto hakuuza kitu.

Kadi zile zinaandikishwa kwa jina la nani? Mara nyingi wanatafuta karte za uchaguzi za wazazi, bibi na majirani. Uchunguzi ukianza, jina linalopatikana ni la mama. Kwa hiyo usimpe mtu karte yako aandikishe kadi SIM ambayo hautaitumia wewe mwenyewe.

Hata kuuza dakika kwa njia safi kuna masharti. Sheria namba 20/017 ya tarehe 25 novemba 2020 ndiyo inaongoza mawasiliano ya simu na intaneti katika inchi yetu, na ARPTC ndiyo inasimamia. Mtoto aulize kwao ruhusa gani inahitajika, aulize pia patante kwenye komine, mbele ya kulipa hata faranga moja.

Kikundi kikikubali kukopesha

Tuanze na mkopo mdogo, wa miezi mitatu. Mtoto awe na kaye: dakika zilizonunuliwa, zilizouzwa, pesa iliyoingia, pesa iliyotoka. Kila juma mama aione. Pesa ya mtaji isichanganywe na pesa ya chakula. Asiuze dakika kwa deni, hata kwa rafiki wa auditoire. Akikaribia mitihani, apunguze saa za meza, kwa sababu masomo ndiyo yalimpeleka universite.

Na afundishwe kufunga kinywa. Kwenye meza yake watu watazungumuza juu ya magonjwa, ndoa na pesa. Asirudilie maneno yao, asichunge namba zao, asiulize kode ya siri ya mtu. Mama mzee akiona kama siri yake imekaa, atarudi, na ataleta jirani yake.

Katika mkutano unaokuja, kila kikundi kichukue kaye na kifanye hesabu hii kwa bei za mtaa wake. Mkiona faida inabaki na njia ni safi, mpeni mtoto nafasi. Mkiona kisanduku cha kadi, mukatae, hata kama pesa inayoahidiwa ni nyingi.