Wazee na Mahakama

Zamani katika Uingereza kila bwana mwenye ardhi alikuwa na baraza lake, ambamo majirani waliapa na kuamua mambo ya mipaka na malisho. Baraza la namna hiyo lingali likikutana kijijini Laxton. Huku Meru kazi hiyo ilikuwa ya Njuri Ncheke, wenye makao yao Nchiru. Sheria ya mwaka 1967 iliziondoa Mahakama za Kiafrika, kesi zikapelekwa kwa mahakimu. Lakini Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 159, yaruhusu wazee kupatanisha watu, mradi wasivunje haki za binadamu wala sheria. Basi mtu wa Majengo mwenye ugomvi wa mpaka aweza kuwaendea wazee kwanza. Akidhulumiwa, mlango wa mahakama u wazi.