Jaa nalo lina sakafu?

Wiki jana, baada ya swala ya Alasiri, mzee mmoja wa mtaani kwetu Kisauni alinishika mkono akaniuliza: "Mwanangu, wewe unayeandika andika, hivi jaa nalo lina sakafu?" Kisima chake ndicho tunachotekea sote maji ya bomba yakikatika, na hukatika sana. Swali lake si la mzaha.

Jibu ni kuwa jaa la kisasa ni lazima liwe na sakafu. Taka zikioza na mvua ikazinyeshea, hutoka maji meusi yenye sumu na vijidudu. Yasipozuiwa yatateremka hadi yakutane na maji ya visima. Nasi watu wa ufuoni twaishi juu ya matumbawe, jiwe lenye matundu. Maji hayaulizi njia humo.

Kipimo cha Marekani, ambacho nchi nyingi hukiiga, ni udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa unene wa sentimita 60, na juu yake plastiki nzito ya milimita 1.5. Udongo huo usiruhusu maji kupenya zaidi ya takriban sentimita 3 kwa mwaka. Tatizo ni gharama. Udongo mzuri haupatikani kila mahali, na kuubeba kwa malori kutoka mbali ni pesa.

Hapo ndipo wataalamu walipogeukia mabaki ya viwanda. Mfano ninaoupenda ni mchanga wa kalibu, ule unaotumika viwandani kumiminia chuma kilichoyeyushwa. Mchanga huo huchanganywa na bentoniti, aina ya udongo unaovimba ukipata maji, ndiyo kalibu ishikane. Ukichakaa hutupwa. Watafiti wa Wisconsin waliupima wakakuta kwamba bentoniti ikifika kama asilimia 6, na mchanga ukashindiliwa vizuri ukiwa na unyevu wa kutosha, unazuia maji sawa na mfinyanzi. Uchafu wa kiwanda ukawa sakafu ya jaa! Tope la viwanda vya karatasi nalo limetumika Finland na Massachusetts kufunikia majaa juu, mvua isiingie. Jivu la makaa ya mawe huchanganywa na chokaa au bentoniti likagandamana.

Sasa tusishangilie mapema. Jivu hilo laweza kuwa na aseniki na risasi. Wa Lamu wanajua: jivu lilikuwa miongoni mwa hofu zao walipoupinga mradi wa umeme wa makaa, ambao leseni yake ilifutwa Juni 2019. Na Owino Uhuru je? Pale watu walidhurika kwa risasi ya kiwanda cha kuchakata betri kuukuu, kesi ikafika hadi Mahakama ya Juu. Kwa hiyo mtu akija na lori la mabaki akasema "hii ni sakafu nzuri", mimi nitamwuliza mambo mawili. Maji yanapenya kwa kasi gani? Na yakipenya, yanatoka na nini? Wengi hupima la kwanza wakalisahau la pili. Tena kipimo kifanywe kwa yale maji meusi ya taka, si ya bomba pekee, kwa kuwa chumvi za taka huweza kuifanya bentoniti isivimbe ikaanza kupitisha. Jua letu la Januari nalo hupasua tabaka likiachwa wazi kabla ya kufunikwa.

Sisi viwanda tunavyo: saruji, mabati, vyuma, kuanzia Mombasa hadi Mariakani na Kaloleni. Vumbi la tanuri za saruji na mabaki ya chuma yanaweza kupimwa hapa hapa, na vyuo vyetu vina maabara. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 imezipa kaunti jukumu hili, na mipango yake huletwa kwa wananchi kutoa maoni.

Mzee nilimwambia hivyo. Akaniuliza kikao kijacho ni lini, maana anataka kwenda na chupa ya maji ya kisima chake.