Sura ya Pili: Upo?

Mtu akikusalimu "Upo?", mdomo hujibu "Nipo" wenyewe, hata kama akili iko kwenye kodi ya nyumba au maneno uliyoambiwa kazini juzi. Sura hii inakufundisha kulijibu swali hilo kwa kweli, kwa zoezi la dakika kumi tu.

Tuanze na neno, kwa sababu limewapoteza wengi. Tumezoea kusema "kutafakari", na kutafakari kwetu ni kuligeuzageuza jambo mpaka lieleweke. Hapa hakuna jambo la kugeuza. Wabudha, ambao zoezi hili lina asili kwao, huliita kwa Kipali *sati*, neno lenye maana ya kukumbuka: kukumbuka kwamba sasa hivi umekaa, unapumua, unasikia. Mimi nasema uzingatifu, kwa kukosa neno bora. Msomaji Mwislamu anaijua khushui, utulivu wa moyo ndani ya swala, na anajua inavyomtoroka: rakaa ya pili tu, keshaanza kupiga hesabu za duka. Khushui ni ibada na hili si ibada, lakini utoro wa akili ni ule ule.

Aliyeliingiza zoezi hospitalini bila vazi la dini ni Jon Kabat-Zinn, mtaalamu wa baiolojia. Mwaka 1979, huko Worcester, Massachusetts, alianza kuwafundisha wagonjwa wenye maumivu sugu kwa mafunzo ya wiki 10. Somo mojawapo lilikuwa kula zabibu kavu moja, polepole, kana kwamba hujapata kuiona.

Wewe anza na pumzi. Kaa kwenye kiti au mkekani, mgongo wima bila kujikakamaza. Usilale chali, utasinzia. Tega simu ilie baada ya dakika kumi, kisha ilaze kifudifudi. Fumba macho au yainamishe. Tafuta mahali unapoihisi pumzi vizuri, puani au tumboni, ukae nayo hapo. Usiivute wala usiirefushe. Hesabu kila inapotoka, moja hadi kumi, kisha rudi moja.

Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, kwa hiyo kufika kumi hakuchukui hata dakika nzima. Wengi hawafiki. Ukiwa kwenye nne unakumbuka mchele umeisha, mchele unakupeleka sokoni, sokoni unakutana na yule anayekudai, na ukishtuka umeshagombana naye vya kutosha.

Hapo ndipo wanaoanza hukata tamaa: "Mimi akili yangu haitulii." Nasema wamekosea mahali penyewe. Ile nukta ya kushtuka ndiyo zoezi. Pumzi ni kigingi, akili ni mbuzi. Mbuzi kutembea si kosa lake, na kazi yako ni kumrudisha bila fimbo. Ukitoroka mara thelathini ukarudi mara thelathini, umefanya kazi nzuri. Isitoshe, huko peke yako. Mwaka 2010 Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Harvard walichapisha utafiti wa watu wazima 2,250 waliokuwa wakiulizwa kwa simu, wakati wowote, wanafanya nini na wanawaza nini. Asilimia 46.9 ya majibu yalionyesha mawazo yako kwingine.

Usisubiri kimya pia. Muziki wa jirani, bodaboda, jogoo: vyote ni vya kusikia tu, kisha unarudi kwenye pumzi. Mbu ni habari nyingine. Washa feni.

Tahadhari moja. Aliyepitia jambo zito, kama vita au kupigwa, anaweza kufumba macho likamrudia lote. Ikitokea, fumbua macho, simama, tembea, na umtafute mshauri nasaha. Na kama unatumia dawa za daktari, zoezi hili halichukui nafasi yake.

Kesho, kabla hujashika simu na kabla ya chai, kaa. Fanya hivyo siku saba, ndipo ufungue sura ya tatu.